Ruhusa na Radhi

Mtu anayependa kurusha ndege nyuki, yaani kile chombo kidogo kisicho na rubani ambacho wengi hukiita droni, hujikuta akiuliza swali lile lile kila aendapo: je, hapa panaruhusiwa? Hulipeleka kwa askari, kwa watumishi wa serikali na kwa wenye hoteli. Ni swali jema, wala sikusudii kulidharau. Lakini kwa miaka michache ambayo nimekuwa na mchezo huu nimeanza kuamini kwamba lipo swali jingine, nalo halijibiwi na bango wala barua. Swali hilo ni hili: wale nitakaowaona kutoka juu, wako radhi nami? Katika kurasa hizi nataka kuyatenganisha maswali haya mawili, na kwa ajili hiyo nitampeleka msomaji mahali ninapopapenda sana, Ghuba ya Chole katika kisiwa cha Mafia.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana wapo wanaoudhani ni ujasusi na wapo wanaoudhani ni utoto. Mimi si mpima ardhi wala si mwandishi wa habari. Ni mwalimu mstaafu. Chombo changu kina uzito wa nazi moja iliyofuliwa, kina mapanga manne na kamera ndogo, na betri yake haidumu zaidi ya nusu saa. Nikikirusha, naona kwenye kioo cha rimoti jinsi maji yanavyoingia ghubani kwa mikondo yake, jinsi mikoko inavyolishika tope, na jinsi rangi ya bahari inavyobadilika penye mchanga, penye majani na penye matumbawe. Manahodha wa Chole wanayajua haya yote bila kupanda angani. Mimi niliyekulia bara nilihitaji kuyaona ndipo niyaelewe. Furaha hiyo ni ya kweli, nami siioni kuwa ni dhambi.

Ghuba ya Chole iko kusini mashariki mwa Mafia. Upande wa bara ya kisiwa kuna kijiji cha Utende. Mbele yake kuna kisiwa kidogo cha Chole, nyuma yake Juani, na kusini zaidi Jibondo. Maji ya bahari kuu huingia kwa Mlango wa Kinasi. Wakati wa bamvua maji hupwa sana, mafungu ya mchanga na miamba hujitokeza, na watu hushuka kwa miguu kutafuta pweza na chaza. Tangu 1995 ghuba hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake katika Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Lakini ni hifadhi yenye wenyeji. Vijiji vimo ndani yake, misikiti imo ndani yake, mashamba ya minazi na makaburi ya mababu yamo ndani yake.

Sasa tafuta mahali pa kurushia. Kilindoni kuna uwanja wa ndege, na ndege ndogo za abiria hupita chini zikitua. Hapo mwenye akili hafungui hata sanduku. Utende kuna hoteli ufukoni na kijiji nyuma yake, na hapana mahali ambapo hapana macho ya kukerwa. Chole kuna popo wakubwa walao matunda, jamii ya popo wa Komoro, ambao hulala mchana wakining'inia kwa wingi kwenye miti mikubwa. Ukiwashtua mchana huruka ovyo juani na kupoteza nguvu waliyoihitaji kwa safari yao ya jioni. Juani kuna magofu ya mji wa kale wa Kua, na katika fukwe zake zinazotazama bahari kuu kasa hupanda kutaga. Yamebaki mafungu ya mchanga. Lakini huko nako, katika miezi fulani, hupumzika ndege wa pwani waliosafiri kutoka nchi za mbali, nao wakisikia mvumo huo huinuka wote kwa pamoja. Ukiyatia haya yote kwenye ramani, anga lote la ghuba hubakia kipande kidogo kama kanga iliyoanikwa.

Hayo ni ya mahali. Juu yake kuna ya sheria. Mataifa yalipokutana Chicago mwaka 1944 kupanga mambo ya usafiri wa anga, yalikubaliana katika kifungu cha 1 kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na katika kifungu cha 8 kwamba chombo kisicho na rubani hakitaruka juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Jambo hilo liliandikwa wakati ambapo wengi wetu tunaorusha leo tulikuwa hatujazaliwa. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ina kanuni za vyombo hivi za mwaka 2018; na kwa kuwa kamera angani ni jambo la usalama, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo ina neno lake. Ukiwa ndani ya hifadhi, uongozi wa hifadhi nao una haki ya kuulizwa.

Wenzangu wa mchezo huu hulalamika kwamba serikali inaogopa kivuli. Mimi siafiki. Kisiwa cha Mafia chenyewe ni ushahidi wa nini jicho la angani linaweza kufanya. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya Mafia, nyuma ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa cha Mafia, wakaleta ndege, wakatengeneza uwanja. Julai mwaka huo ndege hizo ziliruka kutoka Mafia, zikazunguka juu ya delta, zikatazama makombora yanaangukia wapi, zikapeleka habari kwa simu ya upepo kwa manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zikipiga bila kumwona adui. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba picha kutoka juu ni kitu cha kuchezea tu, humkumbusha kwamba miongoni mwa ndege za kwanza kuruka katika anga hili zilikuja kutazama, na kutazama kwao kuliua.

Hata hivyo, vikwazo vina gharama yake, na haki inatutaka tuitaje. Ofisi moja niliyoiendea ilinirudisha mara tatu, kila mara kwa karatasi ambayo mara ya kwanza haikutajwa. Mimi nina pensheni na nina muda. Mgeni mwenye fedha humlipa mtu wa kumfuatilia. Lakini kijana wa Jibondo anayetaka kujifunza kazi hii atalala wapi Dar es Salaam akisubiri muhuri? Na kazi yenyewe si ndogo. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar iliendesha mpango wa kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, na miongoni mwa waliorusha walikuwa vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar; ramani zikatoka mikononi mwa watoto wa visiwa vyenyewe. Mwaka 2018, katika Ziwa Victoria, chombo kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Kisiwa kama Mafia kina kila sababu ya kutamani mambo hayo. Sheria inayomchosha mnyonge na kumpitisha mwenye nguvu hailindi anga. Inaligawa kwa wenye nafasi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba siko upande wa wanaotaka kila kitu kipigwe marufuku, wala wa wanaotaka kila mtu aruke atakavyo. Shida yangu ni nyingine. Tuseme karatasi zote zimepatikana, upesi na kwa haki. Je, hapo mambo yameisha?

Nilikwenda Chole nikiwa na barua yangu yenye muhuri. Nilivuka kwa dau kutoka Utende, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyeketi barazani chini ya mwembe, akisuka ukili wa mkeka. Tukaamkiana, tukaulizana habari za nyumbani na za safari kwa muda unaostahili. Kisha nikamweleza nililolijia, nikampa barua. Aliisoma yote bila haraka, akaikunja kama alivyoikuta, akanirudishia.

"Mwalimu," alisema, "muhuri nimeuona. Lakini huyo aliyeupiga hana choo Chole."

Sikumwelewa mara moja. Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya jirani. Ilikuwa nyumba kama nyingine zote pale, na nyuma yake kulikuwa na ua wa makuti, na pembeni ya ua kijumba kidogo cha kuogea, kimezungushiwa makuti vizuri pande zote nne, na juu hakina kitu. Alisema kwamba wao hujenga hivyo kwa sababu jicho la mtu hutokea ubavuni, na juu kuna Mungu na kunguru. "Mungu ametuumba, anatujua. Kunguru hana wa kumsimulia. Sasa wewe unatuletea wa tatu."

Nikamwuliza, "Je, mkwezi? Yeye si hupanda mnazi akaona ua zote?"

Alifurahi kuulizwa. Alisema kwamba mkwezi mwenye adabu haupandi mnazi ulio karibu na nyumba kimyakimya. Hupaza sauti akiwa chini, na akifika juu huendelea kuimba au kuzungumza, ili wanawake walio uani wajue kwamba yuko na yuko wapi. Aliye na haja ya kujisitiri atajisitiri. Kisha mkwezi hushuka, naye ni fulani bin fulani, nyumba yake inajulikana. Akisema maneno ya aliyoyaona, kuna mahali pa kumpeleka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno ya mzee yule, na naona kwamba amegusa jambo ambalo wanasheria wa nchi kubwa wamelizunguka kwa muda mrefu. Wao waliuliza: anga ni la nani? Palikuwa na kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki kila kilicho juu yake mpaka mbinguni. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa kanuni hiyo katika kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina, bwana Causby, ambaye ndege za jeshi zilipita chini sana juu ya banda lake, na kuku wapatao 150 wakafa kwa kujigonga ukutani kwa hofu. Mahakama ilisema anga la juu ni njia ya watu wote, lakini ikakubali kwamba mtu anahitaji anga la karibu na ardhi yake ili aweze kuishi hapo, na kwamba Causby alistahili fidia. Mwaka 1977 huko Uingereza tajiri mmoja, Lord Bernstein, aliishtaki kampuni iliyoipiga nyumba yake picha kutoka kwenye ndege. Akashindwa. Jaji alisema haki ya mwenye ardhi inafika kimo kile tu anachokihitaji kwa matumizi ya kawaida. Ingawa alionya kwamba mtu akiviziwa kutoka angani mfululizo na kupigwa picha kila afanyalo, mahakama huenda ikaona vingine.

Hukumu hizo zina hekima yake. Lakini angalia zinahesabu nini: kimo, kelele, kuku, matumizi ya ardhi. Mzee wa Chole hakudai kimo chochote. Hakusema anga ni lake. Alichosema ni kwamba aliye juu ana wajibu kwa aliye chini, kwa sababu tu anaweza kumwona naye haonwi. Wajibu huo hautokani na hatimiliki. Hata mpangaji anao haki hiyo, hata mgeni aliyelala usiku mmoja, hata mwanamke anayeokota pweza kwenye mwamba usio wa mtu. Katiba yetu, katika ibara ya 16, nayo huiweka heshima ya maisha ya faragha na ya unyumba kuwa haki ya kila mtu, bila kuuliza kwanza kama ana kiwanja.

Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia. Tunalo neno ruhusa na tunalo neno radhi. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka. Inaweza kuandikwa, kulipiwa, kuwekewa tarehe. Radhi hutolewa na mtu mwenyewe anayeguswa na jambo, nayo hukaa moyoni mwake. Unaweza kuwa na ruhusa ya kuoa bila radhi za wazazi, na kila mtu pwani anajua ndoa hiyo inaanza na pengo. Na asiyetafuta radhi kabla ya jambo, aghalabu huishia kuomba radhi baada yake.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba chombo chenyewe hupiga kelele, kwa hiyo watu wanaarifiwa. Lakini kelele si hodi. Anayebisha hodi hungoja aitikiwe. Asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Anayevuma juu ya ua hangoji jibu, na aliye chini hajui kamera imeelekea wapi, inaona kiasi gani, wala picha inakwenda kwa nani. Mkwezi humfahamu. Huyu hamfahamu.

Ya pili ni kwamba satelaiti zinatuona usiku na mchana, na hatujawahi kuulizwa. Ni kweli. Lakini kuibiwa na mmoja hakumpi wa pili haki ya kuiba. Isitoshe, picha za satelaiti ambazo mimi na wewe tunaweza kuzitazama huonyesha paa na minazi. Uso wa mtu hauonekani. Chombo changu kikishuka mpaka kimo cha mnazi kinaonyesha mpaka maua ya kanga.

Ya tatu ndiyo nzito. Haiwezekani kumwuliza kila mtu. Ghuba ina mamia ya watu, na hata mmoja akikataa, je, wote tuzuiwe? Nikubali kwamba radhi ya kila nafsi haipatikani. Lakini jamii zetu zimekwisha kulitatua tatizo hili kwa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mambo makubwa hupelekwa mbele ya mkutano mkuu, ambako mtu mzima yeyote anaweza kusimama akasema. Si kila mtu huridhika, lakini hakuna anayeweza kusema hakubishiwa hodi. Nashangaa kwamba mgeni akitaka kupanda mihogo kijijini lazima apite huko, na akitaka kuutazama ua wa kila nyumba anamalizana na ofisi za mjini.

Pale Chole mambo yalikwenda hivi. Mzee alinipeleka kwa mwenyekiti, na jioni watu kadhaa wakakutana, wanaume kwa wanawake. Mama mmoja mwokota pweza ndiye aliyeuliza maswali magumu kuliko wote: picha zitakaa wapi, zitauzwa, zitaonyesha nyuso? Mwishowe nikapewa fungu la mchanga kuelekea Kinasi, maji yakiwa yamepwa, siku nne, saa za alasiri, mbali na kijiji na mbali na mwamba ambako akina mama walikuwa kazini. Kijana mmoja angekaa nami. Picha ningekuja kuzionyesha zote barazani kabla ya kuondoka. Nilizipenda siku hizo nne kuliko safari zangu nyingine zote. Kijana yule alijifunza kurusha siku ya kwanza, na siku ya pili aliniambia majina ya kila mkondo tuliouona kwenye kioo.

Siku ya tatu kamera ilikamata, kwa mbali, kando ya mikoko, watu wawili wakivuta juya. Nyavu hizo za kukokota zimekatazwa hifadhini kwa sababu ya kweli: hukwangua chini na kuchukua mpaka vitoto vya samaki. Nyuso hazikuonekana, lakini dau lilionekana, na rangi za dau hapa ni sawa na jina. Kijana alinyamaza. Nami nikanyamaza. Nilipofika Kilindoni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwafuatilia wavunja sheria alikuwa amekwisha kusikia kwamba kuna mwalimu mwenye picha za ghuba. Akaziomba kwa upole, akasema ni kwa faida ya bahari yetu sote.

Nilimkatalia, nikamwambia kwamba picha zile nilizipata kwa radhi ya watu wa Chole kwa ajili ya jambo moja, na kwa jambo la pili inambidi aende akawaombe wao. Picha yenyewe nilikuwa nimekwisha kuionyesha barazani pamoja na nyingine, kama nilivyoahidi. Wazee waliitazama kwa kitambo. Mama wa pweza alisema, "Tunawajua," basi. Walichokifanya baadaye sikuambiwa, wala sikuuliza.

Rafiki yangu mmoja ananilaumu mpaka leo. Anasema niliiweka adabu juu ya matumbawe, na kwamba samaki wadogo hawakuwa na mtu wa kuwaombea radhi barazani. Sina jibu la kumnyamazisha. Namwambia tu kwamba ningaliona mtu anarusha baruti, ningalisema siku ile ile na kwa yeyote, kama ambavyo ningalisema kama ningaliona kutoka ufukoni, kwa sababu baruti huua mwamba mzima kwa dakika moja na huweza kumuua mtu. Juya ni kosa, lakini ni kosa ambalo kijiji kina uwezo wa kulishughulikia, na wavutaji wake ni watu watakaonunua unga duka moja na waliowakasirikia. Kama ningaliitoa picha, hakuna mgeni mwingine mwenye kamera ambaye angaliaminiwa tena pale, na kijana yule angaliitwa jasusi nyumbani kwao. Rafiki yangu anasema hiyo ni hesabu ya mtu mwenye huruma na watu kuliko samaki. Huenda ni kweli. Lakini naona afadhali uhifadhi ulindwe na watu wanaoaminiana kuliko na jicho linaloogopwa, kwa maana jicho litaondoka na betri ikiisha, na watu watabaki.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Sheria ya anga ibaki, maana ndege za abiria na usalama wa nchi si jambo la mchezo. Ifanywe iwe nyepesi kwa kijana wa kisiwani kama ilivyo kwa mgeni mwenye mfuko. Na katika mahali penye watu, muhuri wa mjini uwe mwanzo wa safari tu: mrushaji aende kijijini, apangiwe mahali na saa, akae na mwenyeji, na picha arudi nazo barazani. Hayo hayahitaji chombo kipya wala fedha nyingi. Yanahitaji mtu awe na subira ya kuketi chini ya mwembe.

Wenzangu husema kwamba kwa masharti hayo mahali pa kurushia patakuwa pachache mno. Ni kweli, ni pachache. Mimi nina fungu moja la mchanga, na saa zake hupangwa na mwezi. Bamvua ijayo nikijaliwa nitakwenda tena kuuliza. Wakinikubalia nitashukuru. Na wakisema safari hii hapana, nitakiacha chombo sandukuni, nitapanda dau, nimwombe nahodha anionyeshe mikondo kwa kidole.